Maji Mdomoni katika Nchi ya Usitiri

Namna nilivyofika Usitiri haitamfaa msomaji, maana hata mimi nisingeweza kuirudia njia ile. Niliitwa kwa barua, nikaenda. Barua ilisema kwamba nchi hiyo ina mashairi mengi ya mapenzi ya Kilatini kuliko nchi nyingine yoyote, kwamba wahenga wake waliyachonga kwenye kuta, kwenye visima na hata kwenye viti vya bunge, na kwamba sasa anatakiwa mtu anayeijua lugha hiyo aende kutafsiri mstari mmoja mahakamani. Mstari mmoja tu. Mimi nikiona mtu ananiita kutoka mbali kwa ajili ya mstari mmoja, najua pana jambo.

Nijieleze kidogo. Nilifundisha Kilatini miaka thelathini na mmoja katika seminari moja ya milimani, na sasa nimestaafu. Kitabu chetu cha mashairi kilikuwa na kurasa kumi na nne ambazo mkuu wa seminari hakutaka wanafunzi wazione, na kazi ya kuzigandisha ilikuwa yangu. Nilitumia uji wa muhogo. Kila mwaka nilizikuta zimebanduliwa kwa mvuke wa sufuria, na kila mwaka, kwenye mtihani, vijana walioshindwa kunyambua kitenzi chepesi kabisa waliandika mistari ya kurasa zile bila kukosea hata herufi. Nasema haya ili ijulikane kwamba sikuingia Usitiri kama mtu mwenye haki ya kuwacheka wenyeji.

Aliyenipokea aliitwa Bwana Mshamu, Mkaguzi Mkuu wa Maana. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na nguo zake zilipigwa pasi zote, nadhani hata soksi. Chini ya kwapa alibeba daftari kubwa lenye jalada jeusi, na hakuliweka chini hata alipokuwa akila.

Siku ya kwanza nilitamani ndizi. Tulipopita sokoni nikamwambia mama mmoja, "Shikamoo mama, naomba ndizi mbili." Safu nzima ya wauzaji ikainamisha vichwa. Mama yule akajifunika uso kwa khanga, mabega yakimtetemeka, na Bwana Mshamu akanivuta mkono kwa haraka.

"Neno hilo tuliliondoa zamani, mwalimu," akaninong'oneza. "Tuligundua lina maana ya pili. Tukaweka 'tunda la staha.' Haikupita miezi mitatu, ukisema tunda la staha watu wanaziba midomo. Tukaliondoa nalo, tukaweka 'lile la manjano.'"

"Na sasa?"

"Sasa hatuwezi kuitaja manjano."

Nilidhani anatania, lakini huyu hakuwa mtu wa utani. Baadaye niliona kwa macho yangu kwamba kinu kimekuwa "cha jikoni," mchi umekuwa "mwenzake," na ufunguo hautajwi kabisa, mtu huuonyesha tu. Mlango ulikuwa umebadilishwa jina mara nne, na wakati wangu uliitwa "hapo." Nilimsikia bibi mmoja wa heshima zake akimwambia mumewe mbele ya wageni, "Umeacha hapo wazi tena," na wageni wote tukatazama dari. Naapa kwamba kama angesema mlango nisingewaza lolote.

Nikaomba kuliona daftari la Bwana Mshamu. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili, Maana ya Kwanza na Maana ya Pili, na maneno yalizidi elfu nne. Alinifunulia taratibu, kama mtu anayeonyesha albamu ya harusi yake. Palikuwa na jembe, muhogo, kitumbua, na sindano na uzi wake. Palikuwa na mambo ambayo mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, sikuwahi kuyafikiria, na mengine nilimwomba anieleze. Hapo nikaanza kumshuku. Sheria ya Usitiri inasema kwamba aijuaye maana ya pili ana hatia ya kuijua, isipokuwa Mkaguzi Mkuu, ambaye anaijua kwa niaba ya taifa. Kwa hiyo mtu msafi kuliko wote nchini ndiye pekee aliyekuwa na uchafu wote, ameupanga kwa alfabeti.

Asubuhi iliyofuata nilipelekwa bungeni. Walianza kwa wimbo wa taifa, ambao ni wa Kilatini, na kila mtu aliweka mkono kifuani. Tafsiri rasmi, iliyochapwa kwenye karatasi niliyopewa, ilisema: *Simameni, wana wa nchi, tusonge mbele.* Lakini nilichosikia kikiimbwa ni *Pande fores, pereo*, yaani "Fungua mlango, naangamia." Na ubeti uliofuata ulinithibitishia. Yalikuwa maneno ya kijana mlevi aliyelala kizingitini kwa mpenzi wake, mvua inamnyeshea, shada la maua limemlowa kichwani, anausihi mlango umwonee huruma, naye hana haja na mlango wowote. Wazee wa bunge walilengwa na machozi kila walipofika kwenye *pereo*.

Niliuma meno. Niligeuka, nikamkuta Bwana Mshamu ananitazama.

"Umeguswa, mwalimu?"

"Sana," nikasema.

"Wageni wengi huguswa," akajibu, na pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo. Nikalihifadhi hilo moyoni.

Mjadala wa siku ile ulihusu bustani. Katika ukuta mmoja wa kale palikuwa na shairi linalosema kwamba msichana fulani ana bustani nzuri. Chama cha Wakataji kilitaka bustani ifutwe kwa patasi. Chama cha Wafunikaji kilitaka ibaki lakini ichorewe ua, wa matofali, urefu usiopungua futi sita. Walibishana saa tatu, kwa hasira, wengine wakitishia kujiuzulu, na katika saa zote tatu hakuna aliyesema bustani hiyo ina ubaya gani, maana kusema ni kujua. Mwishowe waliafikiana kwamba ua ujengwe, lakini uwe na hapo.

Sasa nieleze mahakama yao, maana ndiko nilikoitiwa. Kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuijua maana ya pili, hakuna anayeweza kushuhudia kwamba ipo. Wakatafuta njia. Watu kumi na wawili waaminifu hukaa kwenye benchi, kila mmoja amejaza maji mdomoni, na mshitakiwa naye hujaza yake. Kisha shairi husomwa. Wote wakiyashika maji mpaka mwisho, shairi ni safi. Tone moja likitoka, Mkaguzi husimama na kusema, "Yamemwagika," na hukumu imepita. Hawaulizi kilichochekesha ni nini. Shairi likiwa la Kilatini, huletwa mfasiri, naye kabla ya kutafsiri huapa kwa maneno mawili: "Naapa sijui."

Nilipoyasikia maneno hayo niliyaona ya kawaida kabisa. Ndiyo niliyoishi nayo miaka thelathini na mmoja.

Mshitakiwa alikuja kuniona mwenyewe nilikofikia, jioni jua likiwa bado juu, amebeba bakuli la mihogo ya nazi. Aliitwa Bi Mize, mjane wa miaka sabini hivi, mfupi, mwenye macho ya kuchokoza. Mumewe, Mwalimu Makungu, alikuwa mtu wa mwisho nchini kusoma Kilatini kwa mapenzi yake. Alipofariki, miaka minne iliyopita, Bi Mize alimwekea jiwe kaburini na kuchongesha mstari mmoja ambao mumewe alimtungia ndoa yao ikiwa bado changa. Jirani mmoja akaushuku. Hakujua Kilatini, lakini alisema amemwona Bi Mize anatabasamu makaburini.

"Wakiliona jiwe lina hatia watalivunja," akaniambia. "Hilo ningelivumilia, jiwe ni jiwe. Lakini sheria yao inasema mfu wa shairi chafu ahamishwe, azikwe kule mbali kusikoandikwa majina. Na mimi nafasi yangu iko pembeni yake, mwalimu. Ubavu wa kushoto. Nishaipima."

Nikamwomba aniambie mstari. Akausema bila kukwama, kwa Kilatini cha mtu aliyefundishwa kwa mdomo:

*Ianua non clausa est: quid stas, cessator, in umbra?*

Mlango haujafungwa, mbona umesimama kivulini, na katikati pale neno la kumwita mtu mchelewaji. Nilijifanya naangalia mihogo. Nilikuwa nimefundisha mashairi ya kale muda wa kutosha kujua mlango wa namna hiyo huwa ni mlango gani. Nikamshuku na yeye. Nikaona ameniletea chakula ili nidanganye.

"Bi Mize," nikasema, "mstari huu una maana gani kwako?"

"Makungu alikuwa na tabia moja. Akirudi kazini, saa kumi, haingii. Anasimama barazani, kwenye kivuli cha ukuta, anamalizia ukurasa anaousoma. Wali unapoa, mimi naita, yeye 'nakuja, nakuja.' Akatunga maneno hayo kana kwamba mimi ndiye ninayemwita. Alinicheka, na alijicheka mwenyewe."

"Ni hiyo tu?"

Akanitazama mpaka nikaona haya mimi.

"Na hiyo nyingine pia, baba. Tulikuwa mke na mume, hatukuwa mihuri ya serikali."

Nikamwambia asiogope, kwamba naweza kutafsiri mstari wowote duniani mpaka ukafa, na kwamba hiyo ndiyo kazi yangu. Alifikiri kidogo kisha akafunika bakuli.

"Sikutaka uuue," akasema. "Nilitaka usomwe vizuri, halafu waone hauna neno. Lakini fanya unavyojua."

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Jaji Mkuu alikuwa mama mmoja mtulivu mwenye miwani, anafuma sweta huku akisikiliza. Wale kumi na wawili walijaza maji. Bi Mize akajaza yake, mashavu yakamtuna. Bwana Mshamu naye, kwa mujibu wa cheo chake, alikunywa funda na kufunga mdomo. Mimi nilikuwa karibu naye, nikaona koo lake likipanda na kushuka. Alikuwa amemeza kabla neno la kwanza halijasomwa.

"Naapa sijui," nikasema, nikausoma mstari.

Kisha nikautafsiri kwa ile sauti yangu ya darasani, sauti ya kusomea zamu za kufagia bweni. "Mlango haujafungwa." Kwa neno lile lililokatazwa, mashavu kadhaa kwenye benchi yalitikisika, lakini mahakamani linaruhusiwa, na maji yakakaa. "Mbona umesimama kivulini, ewe mchelewaji."

Hakuna tone lililotoka. Jaji aligeuza sindano zake. Jiwe lilikuwa limepona, nami nilikuwa nainama kukaa, Bi Mize alipotikisa kichwa.

Sheria inampa mshitakiwa haki ya kukataa neno la mfasiri kwa kutikisa kichwa, kwa kuwa mdomo wake umejaa. Nadhani hakuna aliyewahi kuitumia. "Mshitakiwa amekataa neno," akasema Jaji. "Mfasiri arekebishe. Ni neno gani?"

Nikataja maneno moja moja, naye akatikisa kichwa kwa nguvu nilipofika kwenye mchelewaji. Nikasema, "Mvivu." Akatikisa. Nikasema, "Mzembe." Akanikazia macho kama mwalimu anayemwona mwanafunzi mzuri amekosea swali jepesi. Hapo ningenyamaza. Ningesema Kiswahili kimeniishia, na mahakama ingekubali. Lakini nilikuwa nimeua mistari miaka thelathini na mmoja, na kwa mara ya kwanza mtu aliyeujua mstari alikuwa mbele yangu ananidai neno lake. Nikawaza *cessator*: mtu ambaye kazi yake anaijua, anaipenda, amesimama karibu nayo kabisa, na hajaianza. Neno likanijia lenyewe.

"Mlango haujafungwa," nikasema. "Mbona umesimama kivulini, we goigoi?"

Maji ya Bi Mize yalifika mpaka kwenye sweta la Jaji. Alicheka kama mke kijana, mkono kwenye ubavu, akajaribu kujizuia, akashindwa, na nyuma yake benchi zima likamwagika, watu kumi na wawili waaminifu wakikohoa na kupigana migongo. Kwa muda mfupi ule Usitiri ilikuwa nchi nzuri sana ya kukaa.

Kisha Bwana Mshamu akasimama, mdomo mkavu, akasema, "Yamemwagika."

Bi Mize alijipangusa kidevu. Niliona kicheko kikimtoka usoni polepole, kadiri alivyoelewa. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Akatazama tu mkono wake wa kushoto, kama mtu anayepima nafasi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niajiriwe. Ningemwachia mchelewaji wangu, angezikwa pembeni ya mumewe.

Nikaomba kusema. "Mheshimiwa, kama jiwe lina hatia kwa sababu ya mlango, naomba mahakama ishikie maji wimbo wa taifa. Nao una mlango, ubeti wa kwanza."

"Umeapa hujui," akasema Jaji.

"Sijui, mheshimiwa. Ndiyo maana naomba mahakama ijue. Nitautafsiri neno kwa neno, na tuwajaze hawa maji upya."

"Wimbo usitafsiriwe," akasema Bwana Mshamu, haraka mno.

Jaji akaacha kufuma. "Kwa nini, Mkaguzi?"

Bwana Mshamu akalishika daftari kulifungua, akaacha. Wimbo ule haukuwa ndani ya daftari lake, mimi nilikwisha kuutafuta. Kulijua jambo ambalo daftari halina hakukuwa kwa niaba ya taifa. Alilikumbatia daftari kifuani na jasho likapenya kwenye kola yake iliyonyooka. Nilimjua sasa. Na yeye alikuwa na kurasa zake zilizogandishwa, na mvuke wake.

Jaji akaahirisha kesi ili watu wanywe chai. Waliporudi alisoma hukumu aliyoiandika kwenye kipande cha karatasi. Ilisema kwamba, kwa ajili ya amani ya nchi, kuanzia siku ile Kilatini hakina maana. Hakina ya kwanza wala ya pili. Wimbo wa taifa utaendelea kuimbwa, maana hauna maana. Jiwe la Mwalimu Makungu lisivunjwe, maana halikusema kitu. Na kuhusu maji, mshitakiwa na wenzake kumi na wawili wamecheka bure, na kucheka bure si kosa, ni kikohozi.

"Basi atabaki palepale?" akauliza Bi Mize.

"Atabaki," akasema Jaji.

"Na mimi pembeni?"

"Nawe pembeni, bibi, siku yako ikifika. Haya, nenda."

Ndipo alipoketi sakafuni akalia.

Kesho yake walipigilia kibati chini ya mstari: MAANDISHI HAYA HAYANA MAANA. Bi Mize aliniambia kwamba Makungu angekipenda sana kibati kile.

Siku ya kuondoka Bwana Mshamu alinisindikiza. Saa kumi alasiri tulipita mtaa wa Bi Mize. Alikuwa uani anapepeta mchele, ametupa mgongo, na mlango wake wa mbele ulikuwa wazi nusu, umewekewa jiwe dogo usijifunge. Barazani, kwenye kivuli cha ukuta, hapakuwa na mtu. Jiwe lile lilikuwa limekaa hapo siku nyingi, maana sakafu chini yake ilikuwa na rangi tofauti.

Bwana Mshamu akasimama. Mazoea ni mazoea. Akafungua daftari, akatoa penseli, akausonta mlango kwa kidevu.

"Ule, mwalimu. Una maana gani?"

Kule mahakamani nilisema kivuli, na kivuli ni sawa. Lakini Warumi walilitumia neno *umbra* kwa kitu kingine pia, nami nimelifundisha hilo kila mwaka, wanafunzi wakaliandika na kulisahau. Ndivyo walivyowaita wafu wao. Na mstari ule Bi Mize hakuuchongesha ujanani, aliuchongesha kaburini. Nilikuwa nimeiogopa maana ya pili kwa bidii kiasi kwamba hii ya tatu ilinipita mbele ya macho, na mihogo yake nimekula.

"Una maana kwamba mumewe bado yuko nje," nikamwambia.

Bwana Mshamu aliinamia daftari. Aliitazama safu ya kwanza, akaitazama safu ya pili, akafunua kurasa nyuma, akafunua mbele. Nilimwacha amesimama pale na penseli yake, anatafuta pa kuandika.